Nyuso za Mkahawa wa Alfajiri

Mwanahija binti Fumo alizipanga kadi nane juu ya mkeka kama mtu anayeanika dagaa, kila moja na nafasi yake. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Mikate ya mofa ilikwisha kuuzwa, tanuri lilikuwa likipoa uani, na mlango wa mbele alikuwa ameutia komeo, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya mchana.

Zote zilikuwa kadi za posta za zamani, na zote zilikuwa za mikahawa ya Kismayo ambayo haipo tena. Ilikuwapo Nguzo Saba, ambako wakubwa wa bandari walikuwa wakila baasto, tambi za Kitaliano, kwa uma na kufuta midomo kwa vitambaa vyeupe. Ilikuwapo Kwa Zakir, baraza ndefu yenye meza za marumaru, mpishi wake kasimama mlangoni na samaki mrefu kuliko mtoto. Ilikuwapo Bustani ya Pwani, iliyokuwa na feni ya dari ambayo watu walikwenda kuitazama tu, wakaagiza chai moja wanne. Baba yake ndiye aliyezikusanya. Alizibandika ukutani nyuma ya birika kubwa, na kila mgeni akimuuliza za nini, humjibu, "Nataka nijue wenzangu wana viti vingapi." Akisikia Zakir kaongeza viti viwili, naye kesho yake yuko kwa seremala.

Kadi ya nane ilikuwa ya mkahawa wake mwenyewe, Alfajiri. Jina lilisomeka vizuri juu ya mlango. Viti vilionekana, meza zilionekana, hata moshi wa jikoni ulionekana upande wa kulia. Watu walikuwa kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso. Mahali pa kila uso palikuwa na doa jeupe lenye manyoyamanyoya, kama kovu la moto.

Simu ikalia. Alikuwa Bakri, mwanawe wa pekee, kutoka Ulaya.

"Mama, uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Umekula?"

"Mama, nisikilize..."

"Nimekuuliza umekula."

"Nimekula. Mama, ile picha wameikataa."

Mwanahija akakaa chini taratibu, mkono mmoja ukipapasa mkeka. "Wameikataaje? Jina la mkahawa si linasomeka?"

"Linasomeka. Lakini wanasema nyuso zimekwanguliwa makusudi. Wanasema aliyefanya hivyo alitaka watu wasijulikane, kwa hiyo kuna jambo tunalificha. Wakili anasema afadhali tusingeituma kabisa."

"Waambie ni mimi niliyekwangua. Waambie nilikwangua kwa ajili ya baba yangu."

"Nimewaambia. Wamenitazama kama mtu aliyerukwa na akili."

Kisha Bakri akasema maneno ambayo Mwanahija alikuwa akiyaogopa mwezi mzima. Faili lake la kuomba hifadhi linafungwa leo. Kama ipo kadi nyingine yenye nyuso, na maandishi ya nyuma, ifike kabla ya saa kumi alasiri kwa saa za Kismayo. Isipofika, wataandika kwamba yeye si Mbajuni, si mtoto wa Kismayo, ni Mkenya aliyedanganya, na watamrudisha Kenya. Na Kenya hana karatasi hata moja ya kumruhusu kushuka kwenye ndege.

"Ipo nyingine, Mama?"

Mwanahija akautazama mlango wenye komeo. "Ipo," akasema kwa sauti ndogo.

"Kwa nani?"

"Usiniulize. Kaa karibu na simu yako."

Bakri alizaliwa kambini, Mombasa, miaka mitatu baada ya familia kukimbia vita mwaka wa tisini na moja. Alikulia Mombasa, akasoma Mombasa, akapigana na watoto wa Mombasa, na kwa hiyo alisema kama watu wa Mombasa. Huko Ulaya walimkalisha na mtu wa kumpima lugha, kisha wakamuuliza visiwa vya Wabajuni. Fuma iko upande gani wa Chovae? Akasema kulia. Wakamuuliza, kulia kwa anayekwenda au kwa anayerudi? Maskini, alikuwa hajawahi kwenda wala kurudi. Visiwa alivijua kwa masimulizi ya babu yake tu, yaliyomfikia kwa mdomo wa mama, babu aliyekuwa akionyesha kwa kidole angani akiwa amelala chali kwenye kitanda cha kamba.

Jambo moja alilolisema kwa yakini lilikuwa la mkahawa. Babu yangu ni Fumo, mtu wa Chovae, alikuwa na mkahawa Kismayo unaoitwa Alfajiri, ulipigwa picha ikawa kadi ya posta, na mama yangu alikuwa mtoto katika picha hiyo. Wakamwambia, ilete.

Kwa hiyo kosa lilikuwa la Mwanahija, na hakuwa na pa kulitupa.

Alisoma chuo cha Kurani, akaingia skuli miaka minne, basi. Lakini hakuwa mjinga wa mambo. Alikuwa mwanamke wa kutazama: akiingia nyumba ya watu alijua mlango wa pili uko wapi kabla hajakaa kitako, na gari likisimama nje alihesabu milango inayofunguliwa. Hivyo ndivyo alivyoishi, na hivyo ndivyo alivyoilea roho ya Bakri mpaka ikawa kubwa. Kambi ilipofungwa alihangaika Mombasa, kisha akarudi Kismayo na mumewe Adnani, fundi wa mashua, ambaye sasa alikuwa kisiwa cha Kudhaa kwenye kazi na simu yake haishiki kule. Yeye alijenga tanuri la mofa uani, akaanza kuuza mikate, kazi aliyoijua tangu utotoni pale Alfajiri.

Siku baba yake alipofariki kambini, wanawake waliokuja matangani waliziona zile kadi zimebandikwa kwenye turubai. Mmoja akasema nyumba yenye nyuso malaika hawaingii. Mwingine akasema maiti akiwa anatazamwa uso wake kila siku hapumziki, huvutwa huku na kule. Mwanahija alikuwa na Bakri mgongoni, na kilio kilikuwa hakijamkauka. Asiambiwe mtu mwenye msiba jambo kama hilo. Alichukua wembe akaketi na kadi ya Alfajiri mapajani. Akaanza na uso wa baba yake, polepole, kama anayemnyoa. Kisha akaona haifai kumwacha peke yake bila uso kati ya wenzake, akawakwangua wote, na mwenyewe akiwemo, mtoto wa miaka minane aliyeshika sinia. Nyuma ya kadi hiyo baba yake hakuwahi kuandika kitu.

Nyuma ya ile nyingine aliandika.

Kwa wiki mbili Mwanahija alikuwa amejaribu njia ya mkato. Kulikuwa na kundi la watu wa Kismayo kwenye watsapu, watu wa Mombasa, Kismayo na Ulaya, na aliweka ombi lake humo: nani ana kadi ya Mkahawa wa Alfajiri? Akaletewa picha arubaini. Akaletewa Nguzo Saba ya upande wa bahari na ya upande wa barabara. Akaletewa Bustani ya Pwani usiku wa sikukuu. Kisha wakaanza kubishana nani alipika baasto bora, wakatukanana siku tatu, mmoja akatoka kundini kwa hasira, akaombwa radhi, akarudi. Alfajiri hakuna aliyekuwa nayo. Na hawangeweza kuwa nayo, kwa sababu Abubakar muuza nguo alizinunua zote akazichoma.

Sababu ilikuwa Mwanalima.

Mwanalima alikuwa msichana wa miaka ishirini, mchoma mofa wa Alfajiri. Siku mpiga picha Ishaq alipokuja na kamera yake ya miguu mitatu, aliwapanga wanaume mlangoni, akatazama, akatikisa kichwa. "Kadi isiyo na mwanamke hainunuliwi," akasema. Wakamtoa Mwanalima kwenye tanuri. Leso yake ilikuwa imejaa unga. Ishaq akamwambia aivue, itaharibu picha. Akamkalisha meza ya mbele pamoja na Mohdhar, kijana wa Kudhaa aliyekuwa akileta samaki, chupa mbili za soda mbele yao. Mohdhar akanong'ona neno, Mwanalima akacheka, na Ishaq akabonyeza.

Baada ya mwezi kicheko hicho kilikuwa kinauzwa katika kila duka la mji. Mabaharia walikinunua. Baba yake Mwanalima alikaa ndani siku saba asitoke hata kwenda msikitini. Maneno ya posa ya Mohdhar, ambayo yalikuwa yameanza kusikika, yakakatika, na Mwanalima akaozwa haraka kwa Abubakar. Wiki ya harusi Abubakar alizunguka duka kwa duka, akanunua kila kadi, akazichoma uani mkewe akitazama. Fumo naye alimtolea zote alizokuwa nazo. Zote isipokuwa mbili.

Moja akaiandika nyuma kwa herufi za Kiarabu, akaifunga ndani ya mkate wa mofa, akampa binti yake Mwanahija. "Mpe Da Mwanalima mkononi mwake. Si mkono mwingine."

Alimpa. Miaka arubaini na zaidi ilipita, na hakuna kati yao aliyewahi kulitaja.

Sasa Mwanahija akavaa buibui, akafunga mikate minne kwenye kitambaa, akatoka. Alichagua wakati wake. Abdulhakim, mtoto wa Mwanalima na mwenye nyumba, kila siku hufunga duka lake la nguo karibu na adhuhuri, akaenda msikitini, kisha akarudi nyumbani kula. Kati ya kwenda na kurudi hazifiki dakika arubaini. Mwanahija alisimama kwenye kona, akijifanya anatengeneza kiatu, mpaka alipoona kanzu yake nyeupe inapinda kuelekea msikitini. Ndipo akabisha hodi.

"Nani?"

"Mimi, Da Mwanalima. Mwana wa Fumo."

"Lo! Leo jua limetokea wapi? Ingia, ingia. Mikate ya nini, mimi nina mgonjwa humu ndani?"

Mwanalima alikuwa amenenepa na magoti yalimsumbua, lakini macho yalikuwa yale yale ya kuchokoza. Akaubonyeza mkate mmoja kwa kidole gumba. "Haujaiva bado," akasema. "Tanuri lako halijapata moto wa kutosha. Mimi ningekufukuza kazi."

"Ungenifukuza, Dada."

"Ningekufukuza na babako ningemshitakia." Akacheka, kisha akamtazama vizuri, kicheko kikaisha. "Una nini wewe?"

Mwanahija hakuwa na muda wa kuzunguka. Akasema yote: Bakri, wakili, saa kumi, kadi iliyokwanguliwa. Alipofika kwenye neno "nyingine", Mwanalima aliinua mkono kama anayezuia mlango.

"Mimi sina kadi."

"Dada, nilikupa mwenyewe. Ndani ya mkate."

"Sina."

"Basi niapie."

Nje mtu alikuwa akiita mbuzi wake. Mwanalima akainuka kwa kuegemea ukuta, akaingia chumbani, akakaa sana. Aliporudi alikuwa na kopo la udi. Akalifungua, akaondoa vipande vya udi kimoja kimoja, na chini kabisa, ndani ya karatasi ya nailoni, ilikuwapo.

Mwanahija alimwona baba yake. Alikuwa amesahau kwamba alikuwa na mashavu. Kwa miaka mingi alikuwa akimkumbuka kama alivyokuwa kambini, mifupa na ndevu, na kumbe hapa ndiye huyu, mtu wa miaka thelathini na kitu, kofia imeegea upande, pengo katikati ya meno ya mbele. Ni Bakri mtupu. Hata namna ya kusimama, bega moja chini. Na Mwanalima mbele, kichwa wazi, nywele za mabutu mawili, anacheka mpaka macho yamefumba.

"Umeiona," Mwanalima akasema. "Basi." Akaipindua juu ya mkeka, upande wa maandishi. "Nimekuonyesha kwa sababu umetaja kiapo. Kuichukua huichukui."

"Siichukui. Naipiga kwa simu tu, mbele na nyuma."

"Ndiko kuichukua huko. Unanifanya mtoto? Ikishaingia kwenye simu itaingia kwenye hilo kundi lenu la wagomvi, na jioni Abdulhakim ataletewa dukani: huyu si mamako?"

"Itakwenda kwa wakili peke yake."

"Na hao mabaharia walionunua, walikuwa mawakili?" Sauti yake ilipanda, akaishusha mwenyewe, akatazama mlango. "Hija, nisikilize. Abubakar alikufa akijua kwamba amezichoma zote. Abdulhakim anasimama mbele za watu akisema mama yangu hajawahi kuonekana na mwanamume wa kando. Mimi nala kwake, nalala kwake. Unataka nimtazame vipi?"

"Na mimi mwanangu?"

"Mwanao yuko hai. Atarudi."

"Atarudi wapi, Dada? Sema mahali. Sema nikampokee."

Adhana ilikuwa imekwisha kitambo. Mwanalima akashika magoti, akainuka. "Nakwenda kutawadha," akasema. "Nikirudi nikukute unasali au umeondoka."

Maji yakaanza kumiminika uani.

Mwanahija akaitazama kadi. Aliiona mikono yake ikifungua mkoba, ikitoa simu, na akawa kama anaitazama mikono ya mtu mwingine. Akaipiga nyuma, pale baba yake alipoandika jina la kila mmoja kwa mpangilio wa walivyosimama: Fumo wa Chovae, mwenye mkahawa, Mwanahija binti Fumo, miaka minane, Mwanalima, Mohdhar, na wengine saba. Akaipindua, akaipiga mbele. Kioo cha simu kilikuwa na jasho la kidole, akakifuta, akapiga tena. Akatuma. Duara likazunguka, likazunguka, mtandao wa mchana ukijivuta. Maji uani yakakoma. Alama moja ikatokea. Kisha mbili, za kijivu. Imefika kwenye simu ya Bakri, bado hajaifungua.

Mwanalima akaingia, uso unadondoka maji. Akafunga leso kichwani, akanyoosha mkono kuchukua mswala, mkono ukabaki hewani. Kadi aliiacha imelala kifudifudi. Sasa ilikuwa imemtazama.

"Umepiga."

Mwanahija angeweza kusema uongo. Ulimi ulikuwa umeshautayarisha. "Nimepiga."

"Umetuma?"

"Imekwenda. Hajaiona bado."

"Irudishe."

"Dada..."

"Irudishe, mwana wa Fumo! Nimekufungulia kopo langu, nimekuacha na siri yangu peke yako, na wewe unaniibia nikitawadha?"

Hapo Mwanahija alijiona mdogo kuliko yule mtoto wa sinia. Kila neno lilikuwa kweli. Akaibonyeza picha, na chaguo la kuifuta kwa wote likatokea. Kidole gumba kikasimama juu yake. Kikasimama. Alimwona Bakri amekaa kwenye kiti cha ofisi ya watu, bega moja chini.

Akaiweka simu juu ya mkeka, akaisukuma mpaka miguuni kwa Mwanalima.

"Hapa," akasema. "Ukigusa hapa inafutika kwangu na kwake. Mimi nimekukosea na nakiri. Lakini mkono wangu mimi hauwezi. Ifute wewe, sitakuzuia, na sitakusema kwa mtu."

Mwanalima akainama. Tone la maji likatoka kidevuni likaanguka karibu na simu. Akanyoosha kidole, akakirudisha, akakinyoosha tena. Mwanahija aliutazama ule mkono, mkono wa mchoma mofa, wenye alama za tanuri mpaka leo.

"Mama! Nani ana viatu mlangoni?"

Alikuwa Abdulhakim. Siku hiyo hakukaa kwenye mazungumzo ya baada ya sala. Aliingia akikunja mikono ya kanzu, akamwona Mwanahija, akaitika salamu, na jicho lake likashuka kwenye mkeka. Mwanalima alikuwa tayari ameitupia kadi upande wa leso yake. Simu ilikuwa wazi.

"Kuna nini?"

"Wanawake wanazungumza," Mwanalima akasema.

"Mbona hujasali?"

Simu ikatikisika, ujumbe wa sauti umeingia. Kidole cha Mwanalima, kilichokuwa bado kinaning'inia pale, kikaigusa, si kwa kutaka. Na sauti ya Bakri ikajaa chumba, imekatikakatika kwa haraka:

"Mama, imefika! Huyu ni babu? Wallahi ni mimi huyu! Wakili ameshaishika, anaisoma na mkalimani. Mama, anauliza, huyu dada aliyekaa mbele na mwanamume, kichwa wazi, ndiye Mwanalima? Yuko hai? Kama yuko hai, anaweza kusema neno?"

Kisha ikanyamaza. Alama zilikuwa zimegeuka buluu. Hapakuwa na kitu cha kufuta tena.

Abdulhakim alimtazama mama yake. "Mwanalima gani?"

Mwanahija alitaka kusema ni mwingine. Kismayo akina Mwanalima walikuwa wengi, jina la watu. Angeweza kulitoa neno hilo na pengine lingepita. Alifungua kinywa, lakini Mwanalima akamtangulia. Aliondoa upande wa leso juu ya kadi, akaishika kwa kona mbili, akaigeuza ili mwanawe aione vizuri.

"Mimi," akasema.

Abdulhakim aliangalia muda mrefu. Uso wake haukuonyesha kitu, nao ndio uso uliomtisha Mwanahija zaidi, kwa maana mtu anayefoka unajua ameishia wapi. Hatimaye aliuliza swali moja tu. "Baba alijua?"

"Alijua ya kuchoma. Hii hakuijua."

Abdulhakim akageuka, akapita mlango wa uani, wakasikia maji yakimwagwa kwa nguvu ardhini.

Mwanalima akabaki na kadi mkononi. Halafu, bila kumtazama Mwanahija, akaitwaa simu. "Husemewa wapi hapa?"

Mwanahija akamwonyesha. Akabonyeza, akashikilia, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya kuzungumza na wageni wala ya kuzungumza na mwanawe. Ilikuwa sauti ya jikoni Alfajiri, Kibajuni chenyewe, kikavu na cha kasi:

"Haya, wewe mchu wa sheria, nisikize. Mimi ni Mwanalima, ni hai. Aliyesimama mlangoni ni Fumo, mchu wa Chovae, hakuna mchu wa Kismayo wa zamani asiyemjua, mkali wa chai, mvivu wa kulipa kuni. Kitoto chenye sinia ni Mwanahija, yuko hapa mbele yangu analia kama aliyefiwa. Aliyekaa na mimi ni Mohdhar, na hilo halikuhusu wewe. Huyo kijana mlokaa naye ni mjukuu wa Fumo. Kama una macho mtazame meno. Kama huna macho, waachie wachu wenye macho kazi hiyo."

Akaachia. Akairudisha simu kwa Mwanahija kwa ncha za vidole, kama kitu chenye moto.

"Nimefanya kwa ajili ya Fumo," akasema. "Na wewe usirudi hapa. Ungeniomba mara ya tatu pengine ningekupa. Hukuniomba, uliniibia. Nenda."

Mwanahija akavaa viatu mlangoni, cha kulia mguu wa kushoto, akaona baadaye sana akiwa karibu na kwake.

Wiki kumi na moja zilipita. Bakri alipiga siku ya Jumatano, hakuweza kusema, akawa anavuta pua tu, na Mwanahija akakaa juu ya gunia la unga akidhani wamemfukuza, mpaka akasikia, "Wamenikubali, Mama. Wameandika kwamba ile sauti ya yule bibi haina mfano." Alimuuliza amekula. Akasema amekula.

Ijumaa alichoma mikate minne, moto akauchochea mpaka ukamuunguza nyusi, akaipeleka. Abdulhakim alifungua mlango nusu. "Mama amelala," akasema, akapokea mikate, akafunga. Ijumaa ya pili, amelala. Ya tatu, amelala. Jirani hakuna aliyejua kitu. Abdulhakim hakulitoa neno nje, wala dukani, hilo Mwanahija alilichunguza kwa masikio yote mawili. Lakini ndani ya nyumba ile hakujua kulikuwa na nini, na hakuwa na haki ya kuuliza.

Ijumaa ya saba Abdulhakim alipokea kitambaa cha mikate na hakufunga mlango. Alisimama, mkono kwenye komeo, akitazama chini barabarani kama anayemngojea mtu.

"Yule mwanamume," akasema. "Mohdhar. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mwanahija akajikuta anapima: dirisha liko wazi, barabara ina watoto wawili, na uso wa Abdulhakim umechoka kuliko kukasirika. Alimkumbuka Mohdhar vizuri. Alikuwa akimletea pweza wadogo akamwambia ni vidole vya shetani. Akavuta pumzi ya kuanza.

"Hija!" Sauti ikatoka ndani, kali, haina hata chembe ya usingizi. "Usimjibu huyo. Weka mikate uende zako. Na moto punguza, ya juzi ilikuwa mkaa."

Akaipanga mikate sawasawa mikononi mwa Abdulhakim, akaenda zake.